Pichi Niliyoipika Jeddah

Nitaanza na aibu yenyewe ndio tusizungushane. Mimi Mwende, binti wa mtunza uwanja wa kriketi, nilimwangusha mgeni wa bosi wangu kwenye tope asubuhi ya Ijumaa, mzee wa watu amevaa nyeupe kutoka juu hadi chini, familia nzima ikitazama, na tope lile halikuletwa na mvua, nililipika mwenyewe kwa mikono hii miwili na paipu ya maji. Siku zangu za mapumziko nikikutana na Wakenya wenzangu kule Batha, mtaa wa hapa Riyadh, lazima mmoja aseme, Mwende, hebu tupe ile ya Jeddah, na kwa vile mdomo wangu haujui kutulia, nawapa, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Leo wacha niitoe yote, pamoja na ile sehemu ambayo huwa naifungia kabla sijafika Batha.

Mzee wangu alikuwa anatunza uwanja wa klabu moja ya kriketi pale Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Tulikaa nyumba za wafanyakazi, nyuma ya uwanja, chumba kimoja na jikoni ya kugawana na majirani, lakini ukifungua mlango asubuhi ulikuwa unaona nyasi mpaka macho yachoke, na katikati yake mzee wangu na gambuti zake, ameinama, anaongea na udongo. (Si mchezo, alikuwa anaongea nao, mama alikuwa akimtuma mtu amwite chai anamwambia nenda ukamtoe yule kwa mke mwenza.) Sasa kwa yule ambaye hajui kriketi, nielewe hapa kidogo tu halafu tuendelee. Katikati ya uwanja kuna ukanda mwembamba wa udongo ulioshindiliwa, ndio unaitwa pichi. Mrushaji anaudundisha mpira pale kabla haujamfikia mpigaji, kwa hiyo ule udongo ndio unaamua mpira utaruka, utalala ama utapinda. Watu wanalipa kiingilio kuona wachezaji, kumbe nusu ya mechi imeshaamuliwa na mtu mwenye gambuti na rola.

Na mechi kubwa kuliko zote ni ile ya Test, nchi kwa nchi, siku tano nzima kwenye ukanda uleule, na hapo ndipo mzee wangu alikuwa akinoga. Tulikuwa tunazitazama kwenye televisheni ya baa ya klabu, sisi tumesimama mlangoni kwa sababu ndani ni ya wanachama, na yeye ananieleza taratibu kama mtu anayesimulia maisha ya ndugu yake. Siku ya kwanza asubuhi pichi bado ina unyevu, warushaji wa kasi wanafurahi maana mpira unachezacheza. Siku ya pili na ya tatu jua limeikausha imekuwa ngumu na tulivu, wapigaji wanakula raha. Ya nne nyufa zinafunguka, vumbi linaanza, viatu vya warushaji vimechimba vishimo, na ya tano ni ya wale wanaorusha polepole, wanauzungusha mpira kwa vidole, ukidunda kwenye ufa hata aliyeurusha hajui unaenda wapi. Nilikuwa najua haya yote kabla sijajua kuandika jina langu vizuri.

Zile zilikuwa enzi Kenya inaogopwa kwenye kriketi, timu za nje zinakuja kwetu na makapteni wao wanatembea mpaka katikati kukagua pichi, wanaibonyeza kwa kidole gumba, na mzee wangu amesimama pembeni, shati imepigwa pasi, mikono nyuma, hasemi kitu mpaka aulizwe. Mimi ndiye nilikuwa nabeba birika la chai yake. Jioni ya kabla ya mechi akishamwagilia maji ile mara ya mwisho, harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inaingia mpaka kwenye mablanketi yetu, na mpaka leo nikimwagilia maji mahali popote pakavu, hata kwenye lami ya Riyadh, ile harufu ikinipiga puani nasimama kwanza. Naipenda harufu ile kuliko manukato yote ya madam wangu, na madam wangu ana manukato, jameni.

Sasa njoo Riyadh. Nilikuwa nakaribia kumaliza mwaka wangu wa pili kwenye nyumba moja kule Al-Naseem, kazi ya ndani, kupika, kufua, watoto watatu. Bosi si mtu mbaya, madam ana maneno lakini hana mkono wa kupiga. Dereva wa nyumba ni Mpakistani anaitwa Iqbal, mtu wa makamo, mpole, na kitu kimoja tu ndicho kilikuwa kinaweza kumsahaulisha kuwachukua watoto shule, nacho ni kriketi. Tulikuwa tunaongea Kiarabu chetu kile cha jikoni, yalla, mafi, halas, na mikono ikimalizia yaliyobaki.

Mwaka ule ndio mzee wangu alikuwa anastaafu. Klabu ikaamua kumuandalia mechi ya kumuaga, yeye ndiye atengeneze pichi yake ya mwisho na yeye ndiye arushe sarafu ya kuamua nani aanze, wachezaji wa zamani waje, hata wale walioota mvi. Kaka yangu Kyalo aliponiambia nilikaa chini jikoni. Mama hakuwepo tena, tulimzika kabla sijakuja Saudia, na nikawaza mzee wangu amesimama pale peke yake siku ile hana mtu wa kumbebea hata kikombe. Nikamwambia kwenye simu, baba, nitakuja. Likizo yangu ilikuwa imefika, kilichobaki ni bosi kunitolea visa ya kwenda na kurudi, na bila yeye kubonyeza kwenye simu yake mimi siendi popote. Nikamwendea bosi na heshima zangu zote. Akasema sawa, ila kuna mgeni wake mkubwa anakuja kutoka Lahore, Pakistan, mwenye biashara ya mchele, na bosi anataka kuwa wakala wake huku, basi mgeni akishaondoka vizuri, visa yangu siku hiyohiyo. Nilirudi jikoni nikiimba. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka safari ile.

Wiki ya mgeni ikagongana na Test, Pakistan wakicheza nyumbani kwao. Jumatatu asubuhi nimetoka kutupa takataka, nikamkuta Iqbal kwenye kivuli cha ukuta, simu ameiegesha kwenye usukani, analalamika kwamba warushaji wao hawafanyi lolote. Nikainama dirishani nikaitazama ile pichi kwenye kioo cha simu. Haikuwa na nyasi hata kidogo, imepauka, na ukiangalia sana utaona vijistari vyembamba. Nikamwambia asisumbuke, leo na kesho watapiga tu mpaka achoke kutazama, ila siku ya nne aje aniambie, pale mpira utaanza kupinda na wale warushaji wa polepole ndio watamaliza. Akanitazama kama nimeota pembe, ikabidi nimweleze kazi ya baba yangu.

Basi ikawa vile. Jumanne wapigaji wamekula raha. Jumatano ndiyo siku tulisafiri, gari zima kubwa la familia kutoka Riyadh kwenda Jeddah, na kwenye kituo cha mafuta njiani Iqbal akafungua simu akakuta wiketi zimeanza kuanguka, yaani wapigaji wanatolewa mmoja mmoja, mpira unapinda. (Nilikuwa nimesema siku ya nne na hii ilikuwa ya tatu, kwa hiyo nilikosea, lakini Iqbal hakutaka kabisa kusikia kwamba nimekosea.) Akamgeukia bosi akammwagia yote, kwamba huyu dada anaisoma pichi kama kitabu, baba yake anatengeneza viwanja vya kimataifa. Bosi akageuka nyuma, akaniuliza kama ni kweli. Na madam akageuka. Na watoto. Miaka miwili nimekaa nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza baba yangu anafanya nini.

Ndipo bosi akatoa wazo lake. Mgeni, Bwana Tariq, alikuwa amekuja Umra na wanawe wawili, na Ijumaa angeshinda na sisi kwenye istiraha, yaani ile nyumba ya kukodi ya kupumzikia yenye ua mkubwa, na ya kwetu ilikuwa pembeni ya mji, karibu na bahari. Mzee huyu alicheza kriketi ujanani na bado anaugua nayo. Bosi akauliza, si tungemchezesha kidogo uani asubuhi kabla ya swala? Iqbal akasema rahisi, nyuma ya nyumba kuna njia ya saruji ya kuegesha gari, tutatandika mkeka juu tucheze, ndivyo Wapakistani wote wanavyocheza huku siku ya Ijumaa. Na ilikuwa rahisi kweli. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mimi, na kichwa kimeshavimba, nikasema kutoka kiti cha nyuma:

"Bosi, mkeka wa nini? Nitakutengenezea pichi ya kweli. Ya Test."

Bosi alifurahi, akasema mashallah, na Iqbal akapiga honi bila sababu.

Alhamisi, nilipomaliza kuosha vyombo vya mchana, madam akaniachilia. Iqbal alienda Kandara, mtaa wa mjini Jeddah, kutafuta gongo la kupigia, mipira na vijiti vya wiketi, na mimi nikaenda nyuma ya ua. Kulikuwa na mahali karibu na ukuta ambapo nyasi zilikufa zenyewe, na chini yake udongo mweusi mweusi, mzito, unashikana ukiufinya. Niliuona kama ule udongo mweusi wa Nairobi ambao mzee wangu alikuwa akisema ndio wenyewe. Sikujiuliza nyasi zilikufa kwa nini. (Ni chumvi. Ni udongo wa pwani, una chumvi na maji yako hapo chini karibu tu, unanyonya maji hautemi. Lakini hayo niliyajua baadaye.)

Nikalima, nikachekecha mawe, nikasawazisha kwa ubao, halafu nikafungua paipu. Na hapa sasa ndipo mnipige kofi. Mzee wangu alikuwa akiunywesha udongo maji mengi siku moja kabla, unakunywa, unashindiliwa na rola, jua linamaliza kazi. Na mimi nimekaa Riyadh miaka miwili, Riyadh ambako unaanika nguo ukifika ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka, Riyadh ambako nimeacha ndoo ya maji uani nikakuta imepungua. Nikapiga hesabu ya Riyadh. Nikasema kwa jua la Saudia hii hata niimwagie bahari, itakauka tu, na nikamwaga. Tena asubuhi ileile nilikuwa nimeanika mashuka pale ua wa Jeddah na hadi alasiri yalikuwa mabichi vilevile, madam amelalamika, nikayageuza upande wa pili nikaendelea na maji yangu. Niliyaona kwa macho haya. Joto la Jeddah lina jasho, halikaushi kitu, linakubandika tu nguo mgongoni.

Rola sina, basi nikachukua mtungi wa gesi wa akiba, ule mkubwa, nikaulaza nikausukuma kwa miguu mbele nyuma, mbele nyuma, niko nimepandisha dera mpaka magotini, naimba nyimbo za shule. Walai nilikuwa na furaha. Ile harufu ikapanda, nikamwona mama na birika lake, nikamwona mzee wangu amesimama na mikono nyuma, nikajiona niko nyumbani. Nadhani ndiyo sababu niliendelea kumwaga maji kupita kiasi, nilikuwa naifuata ile harufu.

Kwenye Test huwa wanafunika pichi jioni isipigwe na umande, nami nikakumbuka hilo nikajipongeza sana kwa akili. Kifuniko sina. Lakini jikoni kulikuwa na maroli ya sufra, ile karatasi ya plastiki wanayotandika chini wakati wa kula, nikayachukua yote, nikaifunika pichi yangu mwanzo hadi mwisho na kuibana kwa mawe. Nikapiga picha. Nilitaka kumpigia mzee wangu simu nimwambie, halafu nikasema hapana, nisubiri kesho nimtumie Kyalo picha mgeni akiwa anacheza juu yake, amuonyeshe. Ningepiga ile simu angeniuliza swali moja tu kuhusu ule udongo na mambo yangeishia hapo.

Ijumaa asubuhi nikaifunua. Ilikuwa imetoa jasho chini ya plastiki usiku kucha, lakini juu ilikuwa laini na inang'aa, imesawazika vizuri mno. Nikabonyeza kwa kidole gumba kama makapteni. Kidole kikaingia. Na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia siku ya kwanza asubuhi pichi huwa na unyevu, ni kawaida, warushaji wa kasi watafurahi. Elimu yangu yote ile niliitumia kujidanganya.

Bwana Tariq akaja baada ya kifungua kinywa, mzee mrefu, ndevu zimechanwa, kanzu yao ile na suruali nyeupe mpaka inauma macho, viatu vya ngozi. Akaitazama pichi kwa mbali, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamuuliza bosi kazi ya nani. Bosi akaninyooshea mkono kwa fahari kabisa, na mimi nikasimama wima, mikono nyuma. Madam alikuwa dirishani na watoto. Wana wa Bwana Tariq wamesimama pembeni, simu mkononi. Bwana Tariq akazunguka kwa upande wa nyasi akasimama kwenye wiketi, akagonga gongo chini, na gongo likatoa sauti ya kofi kwenye unga uliozidi maji. Mimi niliisikia. Nadhani na yeye aliisikia, ila adabu ya ugeni.

Iqbal akachukua mbio zake kutoka kule ukutani, mbio nzuri, kwa kweli alijipanga, na mguu wake wa mwisho ulipokanyaga pichi ukazama mpaka kwenye kifundo. Mpira ukamtoka, ukaanguka katikati, pwaa, ukabaki pale. Haukudunda. Haukubingirika. Umekaa tu kama yai. Halafu Bwana Tariq akacheka, akanyanyua gongo akaja mbele hatua mbili kubwa kuufuata ule mpira kuupiga palepale ulipolala, hatua ya kwanza ikateleza, ya pili ikaacha kiatu nyuma, na mzee wa watu akaenda chini kifudifudi, taratibu, amenyoosha mikono. Bosi akapiga kelele ya Mungu wangu akakimbia kumwinua, kanzu nyeupe, viatu vya nyumbani, naye akaenda. Wamelala wawili, wakala na mwenye mchele. Watoto dirishani wakaangua kicheko na madam akafunga pazia.

Mimi sikuweza hata kusogea. Nilikuwa bado nimesimama na mikono nyuma.

Walipomwinua, Bwana Tariq alikuwa ameshika kifundo cha mkono na kimeanza kuvimba. Uso wote umepakwa, macho tu ndiyo yanaonekana. Akamwita Iqbal atafsiri, akauliza nani alinifundisha kazi hii. Nikasema kwa sauti ndogo, baba yangu. Mzee akanitazama sana, halafu akasema neno, na Iqbal akalitafsiri akiwa ameinamisha kichwa:

"Anasema, basi usimwambie."

Akapelekwa hospitali na wanawe, mkono umeteguka, haukuvunjika, namshukuru Mungu. Sisi tukabaki. Na aibu ilikuwa haijaisha, kwa sababu bosi alitumaini watarudi chakula cha mchana, basi mimi nikapika kabsa ya nguvu, wali wao ule wa nyama, kuponya mambo, na kabsa ikiwa nusu gesi ikakata. Nikakimbilia mtungi wa akiba. Mdomo wake umejaa tope limekauka humo ndani (hilo ndilo tope pekee lililokauka Jeddah nzima), kichwa cha paipu ya gesi hakiingii. Madam akasema tutandike basi tule mkate na matunda, akauliza sufra iko wapi, na sufra yote ilikuwa nje, imelowa, inanuka bahari. Aliniangalia tu. Miaka miwili ana maneno, siku ile hakuwa na neno hata moja, na mimi nilitamani anitukane.

Wageni hawakurudi. Mwana mmoja alipiga simu kwa adabu kusema mzee amepumzika hotelini, na baada ya hapo wakaruka kwao bila mazungumzo ya mchele. Ile Test iliisha mchana uleule, Pakistan wakashinda, mrushaji wao wa polepole ndiye aliyemaliza, kama nilivyosema. Hakuna aliyenipa hongera. Tulirudi Riyadh simu ya Iqbal imezimwa, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni kama visa bado inawezekana.

Nilimpa bosi muda kidogo halafu nikamuuliza. Akasema baadein, yaani baadaye. Nikauliza tena, baadein. Mara ya tatu ni madam aliyenijibu, kwamba bosi lazima aende kwanza Lahore kumuona yule mzee na kumtaka radhi, na mimi na yeye wote wawili hatuwezi kuwa nje ya nyumba. Hakunifokea. Ningekuwa nimeiba kitu ningekuwa na la kujitetea, lakini ilikuwa ni mimi na mdomo wangu na maji yangu. Nikampigia mzee wangu, nikafuata ushauri wa Bwana Tariq, sikumwambia. Nilimwambia bosi amesafiri na mtandao wa vibali una shida, sitaweza kufika. Akasema sawa mama, kazi ni kazi, watakupa tu siku nyingine.

Hapa ndipo huwa naishia Batha, nasema na visa yangu ikaliwa na tope, tunacheka, tunaagiza chai. Lakini mechi yenyewe ya kumuaga ilipangwa Jumamosi moja baadaye, na jioni yake nikajifungia chumbani nikapiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kila kitu, nani alikuja, nani alisema nini, na nilikuwa nimejiandaa nisilie. Mzee wangu akapokea, sauti iko sawa kabisa.

"Hujakosa kitu, mama. Mvua imetunyeshea tangu asubuhi, pichi yote imelowa, hata sarafu hatukurusha. Tumekula sambusa tukaenda zetu."

Nikamwambia pole baba, yaani mvua imekosa siku nyingine. Akasema ndio hivyo. Na Mungu anisamehe, nilikata simu moyo wangu umekuwa mwepesi. Niliona kama tope langu halikuninyima chochote.

Mzee wangu anatumia simu ya kabambe, ile ya vitufe, hajui mambo ya picha. Kyalo ndiye aliyeweka picha za siku ileile kwenye WhatsApp, nyingi, mtu na familia yake. Jua kali, hakuna wingu. Wazee wenye mvi wamevaa sare zilizowabana. Mzee wangu katikati, koti amelivaa kubwa kuliko yeye, sarafu iko hewani na yeye ameinua uso anaitazama. Nikaikuza picha pale chini kwenye miguu yake, na mimi pichi naijua, pichi sidanganywi. Ilikuwa imekauka, rangi ya mkate uliookwa vizuri, ngumu, tulivu, hakuna alama hata moja. Nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Amekaa kazi ile maisha yake yote, makapteni wakimuuliza anawaambia ukweli, wa kwetu na wa kwao, hata klabu yake ilipotaka afiche kitu alikataa, na mara ya kwanza kudanganya kuhusu hali ya pichi, alinidanganya mimi ili nisilie. Nilienda bafuni nikafungua maji, nikalia.

Visa ilitoka baadaye, bosi alirudi na mchele wake akawa mtu mwema tena, nikaenda nyumbani nikakaa na mzee wangu siku zangu, tukala, tukacheka. Jeddah sijamwambia. Nimeapa, na mnishuhudie, nyumba ya mtu sitawahi tena kujitia fundi wa kitu ambacho sikuulizwa, na bosi akitaka kriketi atandike mkeka kwenye saruji kama watu wote. Lakini mzee wangu mpaka leo, tukiongea kwenye simu, maongezi yakifika kwenye kustaafu kwake, huwa ananitajia ile mvua, kwamba ilinyesha sana siku ile. Na mimi humwambia, pole baba, ilinyesha vibaya.